Jumapili Zisizo na Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Msemaji wa kwanza wa upande wa soko, mdahalo wa Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Mada: baraza la mji liweke sheria ya nishati safi, au tuliachie soko? Shemeji, kaka yake mke wangu, alidhani atachaguliwa yeye, maana ana duka la paneli za jua na miwani ya kisomi. Waandaaji wakaona mwenye duka hawezi kulisifia soko bila ukumbi kuangua kicheko. Mimi sina duka. Sina chochote. Nafaa kabisa.

Lengo langu hasa (hapa naweza kulisema): atakayeng'ara Jumamosi ataingizwa kwenye Kamati ya Tabianchi ya mji. Wajumbe wa kamati hukaa viti vinavyozunguka. Mimi ofisi ya maji nimekalia kiti kimoja miaka ishirini na sita, na mguu wake mmoja ni mfupi.

Silaha yangu: modeli. Baraza lina utabiri wa mvua wa miaka thelathini ijayo, umetengenezwa kwa kompyuta, na unasema mvua mjini kwetu itapungua kwa theluthi au itaongezeka kwa nusu. Au! Hata mbuzi anaweza kutabiri hivyo. Kwa utabiri huo utamlazimishaje mtu kununua paneli? Nimeandika: "Ndugu zangu, hii ni ramli iliyovaa tai." Nikaisoma mbele ya kioo mara nne. Mara ya nne nikajipigia makofi. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimempata huyo mbu.

Jioni akaja kula binti yetu wa mwisho. Sisi tunamwita Kitinda, ingawa sasa ana miaka ishirini na tano na ameajiriwa kwa majaribio kituo cha hali ya hewa. Nikamsomea ile ya ramli. Hakucheka. Akasema ile modeli ni yake.

Nikapaliwa na chai.

Akaeleza akiwa ameinamia sahani. Miezi mitatu ameitengeneza, na kila akiiendesha inatoa jibu pana kama mlango wa gereji. Mkuu wa kituo amemwambia huenda hesabu si fani yake. Amempa mpaka katikati ya mwezi. Jibu lisipobana, hatathibitishwa kazini, atapewa barua ya asante. Ameshairudia mara saba. Halali usiku.

Kitu kimoja tu kinamtia moyo, akasema. Data ni imara. Ametumia madaftari ya mvua ya ofisi ya maji: miaka kumi na tisa, kila siku, bila pengo hata moja. "Mwandiko wako, Baba. Wenzangu wana vituo vyenye mashimo ya miezi mizima. Mimi nina wewe."

Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia kikopo cha chumvi.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze, maana shajara haina mdomo.

Kazi ni hii. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, unakwenda uani kwa ofisi ya maji. Pale kuna kipima mvua: mkebe mrefu, juu una faneli. Unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unasoma milimita, unaandika daftarini. Dakika nne. Kazi hii nimeifanya kwa uaminifu wa hali ya juu siku zote ambazo haikunyesha.

Tatizo ni mvua. Ikinyesha ua unakuwa tope tupu, na viatu vyangu ni vya ofisini. Kwa hiyo nilikuwa nachungulia dirishani, nasikiliza bati, naandika kumi na mbili. Kumi na mbili ni namba yenye heshima zake. Si manyunyu, si mafuriko. Mwaka wa sita nikaona kumi na mbili zimekuwa nyingi, nikaanza kuzichanganya na tisa, na kumi na saba, na mara moja moja kumi na tatu nukta nne, kwa ajili ya ladha.

Jumapili? Jumapili niko kitandani. Jumapili ni sifuri.

Maji yaliyojikusanya humo nilikuwa nayatoa siku ya kwanza ya jua na kumwagilia maua ya dirishani. Wageni wote husifu maua ya ofisi yetu.

Sikujua kama kuna mtu anasoma! Daftari linajaa, linakwenda kabatini, linakuja jingine. Nilidhani naandikia mende.

Sasa mpango. Ushahidi ukiharibika, hakuna kosa. Saa nne nikaingia chumba cha kumbukumbu na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, nikajikwaa kwa makusudi, tena nikajikwaa vizuri, kwa mlio. Nusu lita ikaenda kwenye madaftari. Kutoka nyuma ya kabati akatokea Kitinda. Alikuwa humo tangu asubuhi! Akanishika mkono, akaniambia pole Baba, usihuzunike, akafuta kurasa kwa mtandio wake moja baada ya nyingine kama anayemkausha mtoto. Akasema wala nisijali, zote ameshazipiga picha tangu Desemba.

Nilikuwa karibu kulia. Akadhani ni kwa ajili ya madaftari.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili ulikuwa bora. Kosa si lazima liwe la mtu, linaweza kuwa la ndege. Ndege akijenga kiota kwenye faneli, mvua haishuki, vipimo vinapotoka, na ndege hana mtoto kituo cha hali ya hewa.

Kupata kiota si mchezo. Nikatengeneza mwenyewe: nyasi, nyuzi za mke wangu, manyoya matatu ya mto wa kulalia. Saa moja asubuhi nikakipachika kwenye faneli, nikaenda kumpigia Kitinda simu aje ajionee. Tulipofika uani faneli inang'aa kama sahani ya harusi. Mlinzi wa ofisi amesimama kando yake kwa ukakamavu, akapiga saluti. Akasema kuna ndege mshenzi amejaribu kuingilia chombo cha mzee, ila yeye amemwahi. Miaka kumi na moja ya ulinzi, akasema, hata kipepeo hajawahi kutua hapo.

Kitinda akaandika maneno hayo kwenye kijitabu chake. "Chombo kinalindwa." Akapiga mstari chini yake.

Mchana nilijaribu tena, kiota kidogo zaidi. Mlinzi alikiteketeza kwa moto. Akaniambia huyo ndege lazima ana wazimu, anajengea nyuzi za pinki.

Mke wangu anatafuta uzi wake wa pinki.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamegeuka! Kitinda amepiga simu saa sita, anacheka, nami sijamsikia akicheka tangu Krismasi. Amegundua kitu ndani ya data.

Mjini kwetu hakunyeshi Jumapili.

Miaka kumi na tisa, Jumapili karibu elfu moja, sifuri, sifuri, sifuri. Mkuu wa kituo alipoona jedwali alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaja na maelezo. Tanuri za matofali za kule bondeni hufungwa Jumapili. Moshi hakuna. Mawingu hukosa vumbi la kushikia matone. Hivyo moshi wetu ndio unaotuletea mvua! Mkuu anasema ni ugunduzi wa mtu kuupata mara moja katika maisha, na amemwomba Kitinda radhi kwa yale maneno ya hesabu.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na lake, kama hakuna anayekumbuka kunyeshewa Jumapili. Kitinda akasema hata yeye alidhani anakumbuka, lakini Mkuu amemwambia kumbukumbu si takwimu.

Nikajisemea: tulia. Uongo wako umempandisha mtoto cheo. Wazazi wangapi wamefanya makubwa hivyo kutoka kitandani?

Kisha akamalizia. Mwezi wa tano matokeo yatapelekwa kwenye mkutano mkuu wa wataalamu, atasimama yeye mwenyewe kuyatoa. Huko wana picha za mawingu zilizopigwa kutoka angani, siku kwa siku, miaka yote hiyo. Watazilinganisha na daftari langu. Akasema hawezi kungoja.

Mimi naweza kungoja. Mimi naweza kungoja sana.

Ijumaa, 7 Machi

Ugunduzi umekwisha kuvuja. Kesho atautumia msemaji wa upande wa sheria, ambaye ni Mwalimu. Mwalimu alinifundisha darasa la nne, amestaafu, ana miaka sabini na minane, na bado nikimwona naficha mikono.

Nikaenda kwake kumshawishi aachane na habari ya Jumapili. Shikamoo Mwalimu. Akaitikia, akaniambia nifute miguu, nikafuta. Nikasema hoja hiyo ni nyepesi, hailingani na hadhi yake. Akasema we mtoto, unaogopa. Nikasema siogopi. Akasema darasa la nne pia hukuogopa, ila ulijikojolea.

Halafu akabadilika. Akaniambia kitu ambacho hajamwambia mtu. Sherehe yake ya kustaafu ilikuwa Jumapili. Anakumbuka mvua kubwa siku ile, keki ikaloa mpaka ikakaa kama uji, watoto wakaila kwa vijiko. Anaikumbuka waziwazi. Lakini jana alimwomba Kitinda aangalie, na daftari linasema sifuri. Basi amekwenda kwa daktari. Amemweleza kwamba kichwa chake kimeanza kumtungia mambo. Daktari amempa karatasi ya kuchorachora saa na pembetatu, na sasa anaandika kila kitu kwenye kalenda, asije siku moja akasahau hata njia ya chooni.

Akaandika humo, mbele yangu, kwamba nimefika.

Hapo ndipo pa kusema. Mtu yeyote aliyezaliwa na mama angesema. Mimi nikasema: "Ndio uzee, Mwalimu."

Uso umeumbwa na haya, wahenga walisema. Wangu sijui uliumbwa na nini. Nimetembea nyumbani kwa kupitia vichochoro.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hali ya hewa: mawingu mazito tangu alfajiri.

Kabla ya hotuba yangu Shemeji, ingawa hakuteuliwa, aliomba kufungua upande wetu kwa onyesho. Amebeba paneli kubwa, ameiweka kibarazani, ameunganisha feni na birika. Akasema soko halihitaji sheria, soko linajiuza lenyewe, tazameni! Akabonyeza. Feni ikageuka robo, ikafikiri, ikarudi. Birika halikutoa hata mvuke wa adabu. Tukangoja dakika sita. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama soko limekwenda kula. Shemeji akatoka nje kulilaumu wingu.

Zamu yangu. Nilianza vizuri. Mtu akinunua paneli kwa hiari ataitunza, akinunua kwa amri ataanikia nguo. Makofi! Sheria huandikwa na watu wasiolipa umeme wao wenyewe. Makofi makubwa! Nikaruka ile ya ramli, maana Kitinda alikuwa jukwaani, kando ya skrini yenye grafu zake, amevaa gauni la bluu la mahafali.

Akasimama Mwalimu. Hakuhitaji kipaza sauti. Akasema soko lina macho lakini linaona mwisho wa mwezi tu, halioni miaka thelathini. Akasema paneli ya elfu ngapi itamfikia mama anayepika kwa mkaa, na lini, na nani atamngojea. Kisha akaomba grafu ya Jumapili. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akasema moshi wetu umeshika hata bomba la mbinguni na kulifurisha bonde, na tunasema tuliachie soko? Akapendekeza tanuri na karakana zote zifungwe siku mbili zaidi kwa wiki.

Wafyatua matofali walikuwa mstari wa tatu. Waliinamisha vichwa, mmoja akaanza kuhesabu vidole. Siku mbili ni siku mbili.

Nikapewa nafasi ya kujibu. Jasho. Nikasema, jamani, hizo data labda haziaminiki sana. Kelele! Mwenyekiti akauliza nina sababu gani. Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa nasema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Kitinda akainuka kabla sijalitoa. Akasema anajua baba yake ni mnyenyekevu, lakini hili hataliacha lipite. "Hizo data zimesomwa na mtu mmoja, kila asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Mimi namwamini kuliko mashine yoyote. Ni huyo hapo."

Ukumbi ukasimama. Wote. Wakapiga makofi, Mwalimu pia, polepole.

Na mimi nikafanya nini? Nikainama. Mara mbili. Mara ya pili nikaweka mkono kifuani.

Upande wa sheria umeshinda. Baraza litapigia kura pendekezo wiki ijayo. Na nimeteuliwa palepale kuingia Kamati ya Tabianchi, kama mlezi wa takwimu. Kiti nimekijaribu. Kinazunguka. Nimezunguka mara moja nikajisikia kichefuchefu.

Nyumbani mke wangu alinikabidhi mto wangu, ule uliopungukiwa manyoya, akanielekeza kwenye kochi.

Jumapili, 9 Machi

Imenyesha.

Si manyunyu. Imenyesha kama mtu anamwaga ndoo kwa hasira. Saa mbili asubuhi Kitinda kanipigia, anapiga kelele za furaha. Jumapili ya kwanza yenye mvua! Ya kwanza katika miaka kumi na tisa! Baba vaa, tukapime pamoja, hii ni historia!

Nikavaa. Viatu vya ofisini. Hivyo tu ndivyo nilivyonavyo.

Uani tope mpaka kwenye kifundo. Mlinzi akatoka kwenye kibanda na mwavuli mkubwa akatufunika, mwema wa watu. Kitinda akamwuliza, macho yanamng'aa, kama naye anastaajabu. Anastaajabu nini? Mvua ya Jumapili! Mlinzi akacheka. Akasema Jumapili ndiyo siku yake mbaya kuliko zote, dada yangu, kibanda kinavuja pembeni, mwezi uliopita peke yake aliloa Jumapili tatu. Kinachomstaajabisha yeye, akasema, ni kumwona mzee. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kumwona mzee hapa siku ya Jumapili. Wala siku ya mvua, akikumbuka vizuri. Leo zimegongana zote mbili! Akanipongeza.

Mvua ikawa inapiga ule mwavuli, pa-pa-pa.

Kitinda akafungua mkebe. Akamimina maji kwenye glasi, akainama mpaka jicho likawa sawa na mstari, kama vile nilivyofundishwa mimi siku ya kwanza. Thelathini na nane. Akaiandika. Akarudi nyuma kurasa kadhaa. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Tisa. Kumi na mbili. Sifuri.

Nikamwambia. Yote. Dirisha, bati, maua, kiota. Nilisema haraka haraka, nikivitazama viatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu: "Mara saba nimerudia, Baba. Nilidhani mimi ndiye sijui kuhesabu."

Akaondoka bila mwavuli. Mlinzi akauliza amkimbilie au abaki na mimi. Nikamwambia amkimbilie.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kuungama. Mke wangu alinisindikiza mpaka getini, kisha akaona ni salama zaidi anisindikize mpaka mlangoni.

Kwanza Mwalimu. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya nguo. Kisha akaacha kucheka, akaichukua ile kalenda yake, akaitazama siku baada ya siku, kila kitu alichojiandikia kwa hofu. Kula dawa. Funga mlango. Jina la mjukuu wa tatu. Akaniambia nikasimame kona. Nina miaka hamsini na minne. Nikaenda. Aliniacha huko, uso ukutani, mpaka alipomaliza kumpigia daktari simu.

Kisha Mkuu wa kituo. Aligeuka rangi mara mbili. Safari ya mkutano wa wataalamu imefutwa, ugunduzi umefutwa, pendekezo la tanuri limeondolewa barazani, na kamati wameninyang'anya kiti. Shemeji amekipata. Amekipitisha dukani kukionyesha.

Lakini Kitinda! Mkuu alisema, mbele yangu, kwamba binti hana kosa, ila modeli bado ni pana na siku ni zilezile. Mpaka Ijumaa. Kuna njia moja. Siku nilizopima kweli ni nyingi, nyingi kuliko nilizotunga. Zikitenganishwa, zile za kweli zinatosha, na jibu litabana. Zikibaki zimechanganyika, hakuna modeli wala kazi. Na baraza linangoja jibu hilo hilo kujua mitaro ya bondeni ichimbwe kwa kina gani, maana kule wanaishi watu.

Mtu mmoja tu duniani anajua ipi ni ipi.

Jioni Kitinda akaleta madaftari yote kumi na tisa kwa toroli, ya juu bado yananuka maziwa. Akaweka kalamu nyekundu mezani. Hajaniita Baba tangu jana, leo aliniita. Akasema hataki samahani yangu, samahani haiingii kwenye kompyuta. Niweke alama tu pale nilipotunga. Pale nisipokumbuka niandike "sikumbuki". "Hiyo nayo ni data, Baba. Usiionee aibu."

Nimeapa. Kwa jina la marehemu mama yangu.

Jumatano, 12 Machi

Daftari la kwanza limenichukua kutwa nzima jana. Jumapili ni rahisi, mstari mmoja mrefu. Siku nyingine nazikumbuka kabisa. Ile ya kumi na mbili ya mwezi wa nne mke wangu alikuwa na homa na miguu imevimba, nikabaki nyumbani kumkanda, hiyo siionei haya. Ile inayofuata nilikuwa nacheza bao tu.

Nililia kidogo. Mke wangu akaniletea chai, ya kwanza tangu Jumamosi, akauweka mkono begani pangu. Akasema endelea hivyo hivyo, mume wangu. Nimejisikia mtu mpya. Kweli kabisa. Mtu anaweza kubadilika akiwa na miaka hamsini na minne, sivyo wanavyodhani vijana.

Leo la pili na la tatu. La nne na la tano baada ya chakula.

Ijumaa, 14 Machi

Imekwisha! Kitinda amekuja saa nane na kompyuta yake, amekaa mezani petu, mama yake nyuma ya kiti chake ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Akaingiza alama zangu zote. Akabonyeza. Tukangoja.

Jibu limebana! Bana kabisa, jembamba kama wembe: mvua itaongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Akapiga yowe, akanirukia shingoni, akalia kwenye kola yangu. Akampigia Mkuu, Mkuu akasema barua ya kumthibitisha anaiandika sasa hivi. Baraza litaanza kuchimba mitaro mwezi ujao, kina kilekile alichokisema Kitinda, wala si zaidi, na habari ya paneli wameliachia soko. Mke wangu amenirudishia kitanda.

Kabla ya kuondoka aliniuliza, amenishika mikono yote miwili, kama nina hakika na kila alama. Nikasema hakika.

Maana daftari la sita ndilo lililonishinda. Ni la ule mwaka nilioanza kuchanganya. Tisa hii ni ya glasi au ya dirishani? Nani ajuaye? Niliandika "sikumbuki" kwa penseli mara arobaini na moja kwenye kurasa tatu, nikaziangalia, nikaona haya. Binti akisoma atasema baba alikuwa amelala miaka kumi na tisa. Zikafutika kwa kifutio, bahati nzuri. Jana mchana nikavuta kiti karibu na dirisha, nikayamaliza yaliyobaki yote kumi na manne kwa saa tatu, nyekundu hapa, nyekundu pale, kwa kufuata moyo unavyoniambia.

Na moyo, lazima nikiri, una kipaji. Hata kompyuta haikubisha.